Jazi ya Morogoro: Maisha ya Magwiji na Santuri Walizotuachia

Watu wawili waliopata kuishi katika mkoa wa Morogoro, ambao vifo vyao vilipishana kwa miaka kumi na mitatu, ndio waliolifikisha jina la mkoa huu katika nyumba za watu wasiopata abadan kuiona milima ya Uluguru. Wa kwanza ni Salum Abdallah Yazidu, kiongozi wa Cuban Marimba, ambaye watu wa zama zake walizoea kumwita kwa herufi tatu za majina yake, SAY; na wa pili ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka wa Morogoro Jazz, ambaye baadaye aliasisi bendi yake mwenyewe, Orchestra Super Volcano. Wote wawili waliuawa na ajali za barabarani, mmoja mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 37, na mwenziwe Januari 1979 akiwa na umri wa miaka 34. Sisi tunaokaa Mang'ula, katika bonde la Kilombero, tuna haki ya kuwahesabu kuwa ni wa kwetu, maana mkoa wao ndio mkoa wetu. Lakini haki ya kujivunia mtu huambatana na faradhi ya kumjua, na wengi miongoni mwetu huziimba nyimbo zao bila ya kuyajua maisha yao, wala jinsi nyimbo hizo zilivyopata kunaswa na kuhifadhiwa hata zikatufikia.

Mtu aliyezoea kusikia kwamba jazi ni muziki wa Wamarekani weusi huenda akastaajabu kuona orodha ndefu ya bendi zetu zilizojiita kwa jina hilo. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, na Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944; Ahmed Kipande alikuwa na Kilwa Jazz, na Iddi Nhende alikuwa na Western Jazz; Tabora ilikuwa na Tabora Jazz, Kigoma ilikuwa na Lake Tanganyika Jazz, na Tanga ilikuwa na Atomic na Jamhuri, zilizoshindana kwa bidii hata mji ukagawanyika. Wapo wasemao kuwa jina hilo lilikuwa pambo tu, lililookotwa na vijana waliotaka kuonekana watu wa kisasa. Kauli hiyo siikubali. Ni kweli kwamba bendi hizo hazikuupiga muziki wa New Orleans kama ulivyo, lakini nasaba ya muziki wao na nasaba ya ule wa Marekani, zikifuatwa nyuma vizazi viwili au vitatu, hukutana mahali pamoja.

Tumtazame Louis Armstrong, ambaye wajuzi wengi humtaja kuwa ndiye aliyeifanya jazi kuwa sanaa ya mpigaji mmoja mwenye sauti yake mwenyewe. Alizaliwa New Orleans mwaka 1901 katika ufukara mkubwa, na alipokuwa bado mtoto alipiga bastola hewani usiku wa kuukaribisha mwaka mpya, akakamatwa na kupelekwa katika nyumba ya kurudi watoto wakorofi. Na humo, katika bendi ya matarumbeta ya nyumba hiyo, ndimo alimopata mafunzo yake ya kwanza ya dhati katika upulizaji wa koneti, chombo cha jamaa ya tarumbeta. Ala zile zilikuwa ni ala za gwaride, ala za majeshi na mazishi, ambazo watu weusi wa mji ule walizichukua wakazitia mwendo wa kuchezesha miguu. Sasa tuje pwani yetu. Tokea miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walianza kucheza ngoma waliyoiita beni, wakiiga sare, vyeo na matarumbeta ya bendi za askari; na ngoma hiyo, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ikaingia bara. Vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo bonde letu linavikumbuka vizuri kwa kuwa vilifika mpaka Mahenge, ng'ambo ya Mto Kilombero, viliwachukua askari na wapagazi huku na huko, nao kila walipopiga kambi waliiacha beni nyuma yao. Kwa hiyo huko New Orleans na huku Uswahilini tendo lilikuwa moja: tarumbeta la mwenye nguvu lilitiwa mdomoni na mnyonge, likasema maneno ambayo mwenye nguvu hakuyatarajia.

Lakini beni peke yake haikutosha kuzaa jazi ya Morogoro. Mzazi wa pili alitoka Cuba, na alikuja katika sanduku. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya santuri ya Uingereza iliyojulikana kwa nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni ilianza kuuza barani Afrika mfululizo wa santuri zilizoandikwa herufi GV, na ndani yake zilijaa rumba na son za Cuba, kama vile "El Manisero" ya Don Azpiazú na waliomfuatia. Nyimbo hizo ziliimbwa Kihispania, lugha ambayo hapana mtu Morogoro aliyeielewa. Lakini mapigo yake yalieleweka mara moja, na hilo si ajabu, kwa kuwa yalikuwa ni mapigo yaliyovushwa bahari na Waafrika waliouzwa utumwani, yakakaa ugenini karne kadhaa, yakarejea kwa njia ya biashara. Mimi huliona jambo hili kuwa ndilo kubwa kuliko yote katika historia ya muziki wetu wa dansi, na kila asiyelijua hudhani kwamba wazee wetu walikuwa wakiiga wageni, ilhali walikuwa wakiipokea mali iliyopotea.

Katika waliozisikia santuri hizo hapana aliyeathirika kuliko Salum Abdallah. Alizaliwa Morogoro mwaka 1928, baba yake akiwa Mwarabu na mama yake Mluguru, na mapenzi yake kwa muziki wa Cuba yalimpata angali kijana mdogo. Husimuliwa kwamba siku moja aliondoka nyumbani kwao akakimbilia Mombasa kwa nia ya kupanda meli imchukue hadi Cuba kwenyewe, akauone kwa macho mji wa Havana uliompokonya akili. Lakini meli hakuipata, na safari yake ikaishia pale pale Mombasa. Akarudi. Kijana mwingine angaliivunja nia yake kwa fedheha ya kurudi mikono mitupu. Yeye aliamua kwamba maadamu hawezi kwenda Cuba, ataijenga Cuba Morogoro. Mwaka 1948 alikuwa na kikundi kilichoitwa La Paloma, na mwaka 1952 kikundi hicho kikawa Cuban Marimba, jina ambalo nusu yake ni ya ng'ambo na nusu yake ni ya hapa, na ambalo kwa hakika ndilo linalosema kwa ufupi kuliko maneno mengi kile alichokikusudia.

Waliopata kuzisikia rekodi zake wanajua kwamba hakuwa mwigaji. Mwendo wa vijiti na manyanga ni wa Cuba, na mpangilio wa mwimbaji mmoja akiongoza na kundi likiitikia ni wa Cuba na wa Afrika pia. Lakini ushairi wake ni wa Kiswahili halisi, wenye vina vinavyofuatana na mafumbo ambayo msikilizaji wa pwani angeyafumbua bila ya kuombwa. Aliimba mapenzi, aliimba nasaha, na nchi ilipokaribia uhuru aliimba siasa. "Ngoma Iko Huku", wimbo ambao jina lake limekuwa jina la mkusanyiko mashuhuri wa rekodi zake, ni mfano mzuri wa furaha yake: magitaa hayashindani na sauti, ala za kupuliza huingia kwa adabu na kutoka kwa adabu, na yeye mwenyewe huimba kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni, pasipo kupaza sauti, kwa yakini kwamba atasikilizwa. Nyimbo zake nyingi zilitolewa Mombasa na kampuni ya Assanand, chini ya nembo ya Mzuri. Na hivyo mji uleule uliomnyima meli ya kwenda Cuba ndio uliompa santuri zilizompeleka Afrika Mashariki yote.

Santuri hizo zilikuwa na sharti gumu. Sahani ya zama zile iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba dakika tatu tu kwa kila upande, au zaidi ya hapo kidogo, na bendi iliyozoea kumchezesha mtu robo saa kwa wimbo mmoja ililazimika kuamua ni kitu gani kibaki na ni kitu gani kiachwe. Armstrong alikutana na sharti lilo hilo huko Chicago, aliporekodi na kikundi chake cha Hot Five kuanzia Novemba 1925. Na "West End Blues", aliyoirekodi tarehe 28 Juni 1928, inaanza kwa tarumbeta lake peke yake, bila ya mtu wa kumsindikiza, likipanda na kuteremka kwa sekunde chache ambazo wapigaji wa dunia nzima wamezisoma tangu siku hiyo kama mwanafunzi asomavyo aya. Nionavyo mimi, ufinyu wa santuri ulizaa ufasaha. Salum Abdallah naye hupoteza maneno machache mno katika dakika zake tatu: beti, kiitikio, magitaa, kiitikio, basi.

Ni katika miaka hiyohiyo ya Salum Abdallah, ambapo mtu wa Morogoro alikuwa amekaza macho kuelekea magharibi, ndipo mtu wa New York alipokuwa amekaza macho kuelekea kwetu. Randy Weston, mpiga piano aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1926, alikulia kwa baba aliyemfundisha tangu utotoni kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani; na alipoona nchi za Afrika zinajikomboa moja baada ya moja, alitunga kazi kubwa ya jazi kwa ajili ya kuzipongeza. Novemba 1960 alikusanya katika studio kundi la wapigaji ambao wengi wao walikuwa mabingwa kamili kwa haki yao wenyewe: Max Roach, Clark Terry, Freddie Hubbard, Yusef Lateef, Kenny Burrell, na pamoja nao wapiga ngoma Babatunde Olatunji kutoka Nigeria na Candido Camero na Armando Peraza kutoka Cuba. Mpangaji wa sauti alikuwa mwanamke, bibi Melba Liston, mpuliza tromboni ambaye umahiri wake haujapewa hadi leo sifa unayoistahili. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno. Na kazi hiyo Weston aliiita "Uhuru Afrika", kwa Kiswahili, na sehemu yake ya kwanza akaiita "Uhuru Kwanza", na ya mwisho "Kucheza Blues".

Kuna jambo katika santuri hiyo ambalo kila Mtanzania angepaswa kulisikia walau mara moja. Mwanzoni kabisa, kabla ya ala hazijashika mwendo, sauti ya mtu inasoma shairi la Hughes likiwa limefasiriwa kwa Kiswahili. Na msomaji huyo ni Tuntemeke Sanga, mwana wa Tanganyika aliyekuwako Marekani wakati ule, na ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa Makete, juu kule nyanda za Njombe. Tanganyika ilikuwa bado inatawaliwa; uhuru wake ulikuwa haujatimia, umesaliwa na mwaka mmoja na siku kadhaa. Weston alikitaka Kiswahili kwa sababu alitaka lugha ya Kiafrika isimame mbele, isiwe mapambo ya nyuma, na serikali ya makaburu ya Afrika Kusini ilielewa vizuri maana ya jambo hilo, kwani iliipiga santuri hiyo marufuku. Ukiyaweka pamoja mambo haya mawili, yaani Cuban Marimba ya Morogoro na "Uhuru Afrika" ya New York, unaona mapigo ya Cuba na maneno ya Kiswahili yakikutana mara mbili, katika pande mbili za bahari, kwa watu ambao hawakuwa wakishauriana. Miaka kumi baadaye Herbie Hancock, mpiga piano mwingine mkubwa, alijiita Mwandishi, na wenziwe wakajiita Mchezaji, Mganga, Jabali na majina mengine ya Kiswahili, wakatoa santuri ya "Mwandishi" mwaka 1971. Hao nao waliyachukua majina yetu kwa taadhima.

Salum Abdallah hakuyaona hayo ya mwisho. Alifariki mwaka 1965, na uongozi wa Cuban Marimba ukashikwa na Juma Kilaza, ambaye aliiendesha bendi kwa ustadi mkubwa na kwa sauti yake mwenyewe; naye angestahili makala yake peke yake.

Upande wa pili wa mji walikuwako Morogoro Jazz, na ushindani wa bendi hizo mbili ndio uliozinoa zote mbili. Mbaraka Mwinshehe alizaliwa tarehe 27 Juni 1944, katika mwaka uleule ulioasisiwa Morogoro Jazz, na akaingia katika bendi hiyo katikati ya miaka ya 1960. Humo alimkuta Kulwa Salum, mpuliza saksafoni, chombo ambacho watu wa dansi hukiita mdomo wa bata. Mbaraka alikuwa na vipawa vitatu ambavyo kwa kawaida hugawiwa watu watatu: alitunga, aliimba, na alicharaza gitaa la solo. Sauti yake haikuwa nyororo. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo, sauti ya mtu anayezungumza na jirani. Na gitaa lake lilimalizia sentensi ambayo sauti iliiacha katikati, hata mtu asijue ni wapi mwimbaji amenyamaza na mpigaji ameanza. Mtindo wao waliuita Sululu, maana zama zile kila bendi ilikuwa na mtindo na jina la mtindo wake, na mashabiki waliyatetea majina hayo kwa moyo wote.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilichaguliwa kwenda Osaka, Japani, katika maonyesho ya dunia ya Expo 70, ikaiwakilisha nchi. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, ujenzi wa reli ya TAZARA ulizinduliwa rasmi, na Mang'ula yetu, chini ya milima ya Udzungwa, ikawa kambi kubwa ya wajenzi, yenye karakana na mitambo na maelfu ya watu. Mimi siwezi kuyatenga matukio haya mawili. Kilombero ilikuwa imekwisha kuanza kuvuta watu wa mbali tangu kiwanda cha sukari kilipoanza kazi Kidatu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini reli iliwaleta kwa wingi usio na mfano, Wapogoro na Wandamba wenyeji wakajikuta wanalala jirani na Wanyakyusa, Wangoni, Wahehe, Wasukuma na Wachina. Sangula, ngoma ya wenyeji wa bonde hili, ina wenyewe. Mgeni huitazama, huisifu, na akithubutu kuingia uwanjani huchelea kukosea. Muziki wa jazi ulioimbwa kwa Kiswahili haukuwa na mwenyewe, na kwa sababu hiyo ulikuwa wa kila mtu aliyepokea mshahara mwisho wa mwezi, akanunua redio ya betri na kuitundika msumarini. Reli yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa na kukabidhiwa kati ya mwaka 1970 na 1976, na miaka hiyo hiyo ndiyo kilele cha Mbaraka. Watu wale waliotandika mataruma mchana walihitaji usiku nyimbo zinazosema habari za mtu aliye mbali na kwao, nyimbo za barua zisizojibiwa, za mapenzi yaliyoachwa kijijini na za fedha isiyotosha; naye alikuwa akizitunga.

Kadhalika alitunga habari za nchi. Dakta Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa kule Isimani siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mbaraka alitunga wimbo wa kumlilia, nao ukaingia katika kumbukumbu za watu kwa nguvu ambayo taarifa za magazeti hazikuwa nayo. Ni wimbo wa maombolezo unaochezeka, jambo ambalo mgeni huona gumu kulifahamu, lakini Mwafrika aliyekwisha kuhudhuria matanga hahitaji kufafanuliwa. Na watu wa New Orleans wasingehitaji pia, kwani kwao bendi humsindikiza maiti makaburini kwa huzuni na kurudi kwa kucheza.

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz akaasisi Super Volcano. Kuondoka kwake kuliwahuzunisha wengi, lakini rekodi zilizofuata ndizo zilizompa umaarufu mkubwa kuliko wote, na juu yake kabisa ni "Shida", wimbo uliopigwa katika kila nyumba yenye santuri kuanzia Tanzania hadi Kenya na mbele ya hapo. Hauna maajabu ya ufundi wa kujionyesha. Unakwenda polepole, unahesabu taabu za binadamu kwa sauti ya mtu aliyezipitia, na magitaa matatu husukana bila ya hata moja kumfunika mwenziwe: la solo juu, la pili likiliitikia, la rithim likishikilia katikati, na besi ikitembea chini kwa hatua za mtu mzima. Nimeusikiliza wimbo huo katika redio, katika kanda, na katika simu za vijana wa leo, na kila mara hunijia fikra ileile, kwamba aliyeupanga alijua ni kiasi gani cha kusema na ni kiasi gani cha kunyamaza. Wajuzi wa Marekani hutoa sifa kama hiyo kwa Miles Davis, ambaye santuri yake ya "Kind of Blue", iliyorekodiwa kwa siku mbili tu za mwaka 1959, Machi na Aprili, hupendwa aghalabu kwa zile sauti ambazo hakuzipiga.

Namna rekodi zetu zilivyofanywa inastahili kuelezwa, kwa kuwa vijana waliozoea mitambo ya sasa hawawezi kuidhania. Redio ya taifa, iliyoanza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam na hatimaye ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, iliziita bendi katika studio yake, ikazirekodi katika utepe wa sumaku, na kuzirusha hewani. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, mwimbaji na mpiga tumba na wapulizaji, mbele ya vipaza sauti vichache. Hapakuwa na njia ya kumrekebisha mmoja baada ya wenziwe kwisha kutoka, bali aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Rekodi hizo zilikuwa za redio, hazikuuzwa. Na kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, bendi iliyotaka santuri yake iwe dukani ilisafiri hadi Nairobi, ambako kampuni kama Polydor zilikuwa na studio na soko. Huko nyimbo zilitolewa katika santuri ndogo za mwendo wa 45, na wimbo mrefu wa ukumbini ulikatwa vipande viwili, beti upande wa kwanza, na upande wa pili likawekwa chemko, yaani ile sehemu ambayo maneno hupungua, magitaa huchacha, na wachezaji hukumbuka kwa nini walilipa kiingilio.

Safari za Kenya ndizo zilizomlisha Mbaraka na ndizo zilizomuua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa mwaka 1977, lakini wapenzi wake wa upande wa pili hawakupungua, naye akaendelea kuwafuata. Januari 1979 alipata ajali ya gari huko Mombasa, akafariki. Umri wake ulikuwa sawa na wa Charlie Parker, yule mpuliza saksafoni aliyeigeuza jazi ya Marekani miaka ya 1940 na akafariki New York mwaka 1955: miaka 34 kila mmoja. Parker aliangamizwa na dawa za kulevya, Mbaraka aliangamizwa na barabara. Na katika habari zote mbili linalouma ni kwamba hapana anayeweza kukisia wangetunga nini kama wangefika miaka hamsini. Mombasa, iliyomrudisha Salum Abdallah akiwa hai, haikumrudisha Mbaraka.

Baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa Nairobi katika mfululizo wa santuri ndefu ulioitwa "Ukumbusho", juzuu baada ya juzuu, na kwa hisani ya mfululizo huo sehemu kubwa ya kazi yake imenusurika. Salum Abdallah alingoja zaidi: mkusanyiko wa "Ngoma Iko Huku" ulitolewa na kampuni ya Dizim ya Ujerumani mwaka 2000, miaka 35 baada ya kifo chake. Nawashukuru Wajerumani kwa dhati, lakini moyo wangu hauridhiki kwamba kazi hiyo haikufanywa na sisi wenyewe. Na bado iko kazi ya kufanywa: NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika majina kuwa Juwata, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma, na ambayo mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliitumikia kwa sehemu kubwa ya maisha yake, ilirekodi redioni nyimbo ambazo nyingi hazikupata kuwa santuri. Utepe wa sumaku ni kitu dhaifu. Joto na unyevu wa Dar es Salaam huutoa unga wake kidogo kidogo, na unga ukitoka, sauti imetoka. Kunakili kila utepe uliobaki katika maktaba ya redio ya taifa ni kazi ya fedha na ya miaka, na naiona kuwa ya lazima kama kukarabati daraja, kwa sababu mwimbaji aliyekufa hawezi kuitwa studio mara ya pili.

Mtu wa Mang'ula mwenye simu yenye intaneti, na watu hao leo ni wengi, anaweza kuanza kuwasikiliza magwiji hawa jioni hii hii bila ya kununua kitu. Ningemshauri aanze na "Ngoma Iko Huku", apate kuujua mlango tulioingilia. Kisha "West End Blues", ajue wenzetu walikuwa wapi. Kisha dakika za mwanzo za "Uhuru Afrika", amsikie Sanga akisoma. Ndipo amfikie Mbaraka, na akimfikia asikimbilie maneno, bali afuate besi peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, arudie afuate gitaa la pili, na mara ya tatu aifuate sauti. Na akiupata wimbo uliokatwa vipande viwili, asiishie kipande cha kwanza, kwa kuwa chemko liko katika cha pili.